Kiti cha Vunivalu wa Bau kule Fiji kilikaaje wazi zaidi ya miaka 30?

MzeeWaRamani ameuliza:

Wakuu salama? Nimekuwa nasomasoma habari za visiwa vya Pasifiki, sasa nimekwama Fiji. Kuna cheo kinaitwa Vunivalu wa Bau, mwenye nacho ndo mkuu wa shirikisho la Kubuna, moja kati ya yale matatu makubwa ya kimila (mengine ni Burebasaga na Tovata). Sasa Ratu Sir George Cakobau, ambaye alikuwa pia Gavana Mkuu wa nchi 1973 mpaka 1983, alifariki 1989 akiwa ndo Vunivalu. Baada ya hapo kiti kikakaa kitupu, na sio mwaka mmoja miwili, ni zaidi ya miaka 30, mpaka miaka hii ya 2020 ndo tunasikia Vunivalu ni Ratu Epenisa Cakobau.

Na marehemu alikuwa na watoto! Sasa kama cheo ni cha damu si mtoto mkubwa anarithi kesho yake asubuhi? Ilikuwaje watu wakae miaka yote hiyo bila mkubwa wao na mambo yaende? Na hiki kikombe wanachosema "akishakunywa ndo anakuwa chifu" ni kitu gani hasa? Mwenye kujua anisaidie, na asinijibu kwa mstari mmoja tafadhali.

---

NahodhaMstaafu amejibu:

Mkuu unaipigia hesabu ya Uingereza, baba akifa mtoto anavaa taji. Fiji haiendi hivyo. Cheo ni mali ya ukoo, na pale Bau ukoo wenyewe unaitwa Tui Kaba, ndani yake kuna matawi, na kila tawi lina watu wenye damu ileile ya wakubwa wa zamani. Mdogo wa marehemu anaweza kutangulia kabla ya mtoto wa marehemu, binamu naye anaweza kuwa na hoja yake, na wote wakikaa kikao wanaangalia nani katangulia kuzaliwa, nani kawahi kuwafanyia watu kitu cha maana, na mama yake katoka wapi. Hilo la mama usilidharau kabisa. Kule mpwa ana haki kubwa kwa wajomba zake, wanaita vasu, na mtoto wa bibi mkubwa aliyeolewa kutoka himaya nyingine anaweza kwenda kwa wajomba akachukua anachotaka, mtumbwi, mikeka, chochote, na hakuna wa kumzuia. Zamani vita nzima ilikuwa inaamuliwa na nani ni vasu wa wapi, maana ukiwa na wajomba wenye mikuki wewe ni mtu wa kuogopwa hata na kaka yako.

Sasa hata ukoo ukikubaliana, jina lililopitishwa bado ni jina tu. Chifu anatawazwa na watu ambao wao wenyewe hawawezi kukaa kwenye hicho kiti. Jamii ya kimila ya Kifiji imegawanywa kwa kazi za kuzaliwa nazo: kuna turaga ambao ndo ukoo wa machifu, kuna sauturaga ambao wanamsimika na kusimamia amri zake, kuna matanivanua ambao ndo wasemaji, kuna bete waliokuwa makuhani, bati ni wapiganaji na gonedau ni wavuvi. Turaga bila sauturaga ni mtu tu mwenye jina zuri. Hao wakinuna, wakisema bado hatujaridhika, hakuna sherehe. Na hakuna mahakama ya kuwalazimisha wammiminie mtu kikombe.

Ndo jibu la miaka yako 30. Matawi yalivutana, hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake, na kwa mila yao ni afadhali kiti kikae wazi kuliko kumkalisha mtu ambaye nusu ya watu hawatamletea mazao ya kwanza.

---

Chachandu_Kali amejibu:

Mimi naona mnaremba tu. Hivi vyeo vya "mkuu wa Fiji nzima" ni mambo ya Waingereza, walihitaji mtu wa kusaini karatasi wakampata. Kabla ya hapo kila kisiwa na mkubwa wake na walikuwa wanalana nyama, sio siri.

---

NahodhaMstaafu amejibu:

@Chachandu_Kali nusu nakupa, nusu nakataa.

Kweli hapakuwa na mfalme wa Fiji nzima. Lakini Bau ilikuwa na nguvu kabla ya Mwingereza kuweka mguu. Na cha kushangaza hicho kisiwa ni kidogo mno, hekta 8 hivi, kiko pembeni ya Viti Levu, kile kisiwa kikubwa cha Fiji, upande wa mashariki, maji yakikupwa unavuka kwa miguu. Hakina mashamba ya kulisha watu wake. Nguvu yake ilikuwa baharini, walikuwa na wavuvi na wapiganaji wa maji wa Lasakau na Soso, na mitumbwi mikubwa ya kwenda kudai kodi visiwa vya mbali.

Halafu Vunivalu mwanzoni hakuwa wa kwanza pale Bau, alikuwa wa pili. Juu yake kulikuwa na Roko Tui Bau, huyo ndo alikuwa mtakatifu, hagusi vita, anakaa kwenye heshima na ibada. Vunivalu ndo mkuu wa vita. Unajua inavyokuwa ukimpa mtu majeshi ukamwachia mwenzake baraka, miaka ikienda mwenye majeshi ndo anakuwa mwenye nyumba, na Bau ikawa hivyohivyo kwenye karne ya 19. Cheo cha Roko Tui Bau hakikufa lakini, Ratu Joni Madraiwiwi ambaye alikuwa Makamu wa Rais mpaka mapinduzi ya 2006 alikuwa ndo Roko Tui Bau.

Aliyeifanya Vunivalu ijulikane duniani ni Seru Epenisa Cakobau (hiyo c yao inasomeka kama dh yetu, na b inatanguliwa na m, kwa hiyo ukisema Dhakombau unaeleweka mji mkuu Suva mzima). Baba yake Tanoa alikufa Desemba 1852, na wake zake kadhaa wakanyongwa wamfuate kama desturi ilivyotaka, wamisionari wamesimama pale wanaomba wasiwaue na hawasikilizwi. Cakobau akasimikwa 1853, mwaka uliofuata akaingia Ukristo, na 1855 akashinda vita vya Kaba kwa msaada wa mfalme George Tupou wa Tonga. Bila Watonga sidhani kama tungekuwa tunamjadili leo. Kwenye kanisa la pale Bau, lile jiwe walilokuwa wanapondea vichwa vya mateka ndo wakalifanya la kubatizia watoto. Kwa hiyo nyama unazosema, ndio, zilikuwepo, na wao wenyewe hawafichi.

Sasa hapo kwenye kusaini ndo uko sahihi. Nyumba ya balozi mdogo wa Marekani, John Brown Williams, iliungua 1849, vitu vikaibwa, Wamarekani wakamdai Cakobau fidia kwa hoja kwamba yeye si ndo mfalme wa Fiji, na deni likavimba mpaka likapita dola 40,000. Hana hiyo hela. Walimpa ufalme ili wapate wa kumdai, hilo nakubaliana na wewe kabisa. Akajaribu kuunda serikali 1871, ikamshinda, na tarehe 10 Oktoba 1874 pale Levuka yeye na machifu wenzake wakubwa wakaikabidhi nchi kwa Malkia Victoria. Akatoa na rungu lake la vita akamtumia Malkia. Rungu hilo lilirudishwa 1932 na leo ndo siwa ya bunge lao.

---

Chachandu_Kali amejibu:

Hapo kwenye deni nimecheka kwa uchungu. Haya endelea.

---

binti_wa_Mkunguni amejibu:

Naomba niingie hapa maana mnaongea kama wanawake hawapo kabisa kwenye hii habari.

Ukiacha Bau, nenda Rewa, hapohapo jirani. Mkuu wa shirikisho la Burebasaga anaitwa Roko Tui Dreketi, na cheo hicho wanawake wanakikalia bila mjadala. Ro Lala Mara alikuwa Roko Tui Dreketi mpaka alipofariki Julai 2004, akafuata mdogo wake Ro Teimumu Kepa, ambaye alishakuwa waziri wa elimu na baadaye akawa kiongozi wa upinzani bungeni baada ya uchaguzi wa 2014. Kule Rewa hata jina la heshima ni moja, Ro, mwanamume Ro mwanamke Ro. Bau mwanamume ni Ratu, mwanamke ni Adi.

Na huyu Ro Lala ndo ananifurahisha zaidi. Mume wake alikuwa Ratu Sir Kamisese Mara, waziri mkuu wa kwanza baada ya uhuru wa 1970, baadaye Rais, ambaye kimila alikuwa Tui Nayau, mkubwa wa visiwa vya Lau. Dunia nzima inamjua mume. Lakini kwa ngazi za kimila mke ndo alikuwa kichwa cha shirikisho zima, mume hakuwa hivyo, shirikisho la kwao Tovata mkubwa wake ni Tui Cakau. Kwa hiyo kwenye hafla ya serikali mama anakaa nyuma ya baba, wakienda kwenye shughuli ya kimila ya Rewa mambo yanageuka. Walifariki mwaka mmoja, baba Aprili mama Julai.

Ro Teimumu naye 2009 alikamatwa na serikali ya kijeshi ya wakati ule kwa sababu alikaribisha mkutano wa Kanisa la Methodist kwake Rewa wakati serikali imeukataza. Yaani mtu mzima, chifu mkuu, anabebwa na polisi kisa kakaribisha wageni nyumbani.

---

MzeeWaRamani amejibu:

Dada umenifungua macho, hilo la Mara na mkewe nilikuwa sina habari nalo kabisa. Sasa jamani kikombe. Hamjanijibu kikombe.

---

Kasa_wa_Kina amejibu:

Kikombe nakujibu mimi.

Kinywaji ni yaqona, dunia nyingine inaita kava, ni mizizi ya mti wa jamii ya pilipili mtama, inapondwa, inachanganywa na maji, inakamuliwa. Rangi ya maji ya udongo, ulimi unakufa ganzi, hakilevyi kama pombe, kinakulegeza tu. Kinakorogwa kwenye bakuli kubwa la mti lenye miguu, tanoa, na kikombe ni nusu ya kifuu cha nazi, bilo. Kwenye shughuli kubwa bakuli lina kamba yenye makauri mwishoni, inanyooshwa kumwelekea mkubwa, na ikishanyooshwa hakuna kiumbe cha kupita mbele yake.

Siku za kawaida mkubwa anakunywa wa kwanza, msemaji wake anafuata, kisha wengine kwa ngazi zao. Kupiga makofi kuna utaratibu, viganja vinakunjwa kidogo kama bakuli ili mlio uwe mzito, sio yale makofi ya ukumbini. Kikombe kikiisha watu wanasema "maca", kimekauka, na makofi tena.

Sasa siku ya kusimikwa ni kikombe hichohicho ila anayekitoa ni yule mwenye haki ya kusimika. Anampa, anakunywa, anafungwa kitambaa cha masi mkononi, masi ni kile cha magome ya mti. Kuanzia hapo yule ni mwingine. Kuna mwanaanthropolojia Marshall Sahlins, alikaa sana na mambo ya Fiji hasa kisiwa cha Moala, yeye anasema kwa masimulizi yao chifu ni mgeni aliyetoka baharini, na wenye ardhi wanapompa kile kikombe ni kama wanamuua yule mgeni halafu anazaliwa upya akiwa wao. Mimi hapo namkubali kwa sababu inaeleza kwa nini wenye ardhi ndo lazima watoe, huwezi ukajimiminia mwenyewe. Wapo wanaokaa na jina la cheo miaka na miaka, wanaheshimika, wanasalimiwa, ila hawajanywa, na kila mtu kijijini anajua hawajanywa.

Halafu ule mgawanyo wa watu wa bahari na watu wa ardhi uko mpaka kwenye sahani. Kuna sehemu mtu wa bahari hali samaki mbele ya mtu wa ardhi, na mtu wa ardhi hali nguruwe mbele ya mtu wa bahari, kwa sababu kila mmoja kazi yake ni kumlisha mwenzake. Mimi hii niliipenda kuliko hata kikombe.

---

Mdadisi2 amejibu:

Na mgeni akienda anafanyaje? Nina safari ya kikazi kule mwakani, sitaki kuaibika.

---

Kasa_wa_Kina amejibu:

Beba fungu la mizizi ya yaqona, linauzwa sokoni mjini, kama nusu kilo inatosha. Hiyo ndo sevusevu, ndo hodi yako. Humpi chifu mkononi wala huanzi kujieleza mwenyewe, unatafutiwa msemaji anakuombea. Vua kofia, toa miwani ya jua, ukikaa kaa chini miguu usiinyooshe kumwelekea mtu, na kichwa cha mtu usikiguse hata cha mtoto. Ukipita mbele ya waliokaa inama kidogo useme "tilou". Ukipewa kikombe piga kofi moja, kunywa chote kwa mkupuo, rudisha, piga matatu.

Jino la nyangumi, tabua, hilo usihangaike nalo, ni la mambo mazito, posa, msiba, kuomba radhi. Na usinunue ukatoke nalo uwanja wa ndege, linahitaji vibali.

Usichanganye pia turaga ni koro na chifu. Huyo ni mtendaji wa kijiji, anachaguliwa, anashughulika na usafi na mikutano. Atakupokea vizuri tu ila siye.

---

Chachandu_Kali amejibu:

Swali langu la mwisho, hela. Maana penye cheo kugombaniwa miaka 30 lazima kuna hela.

---

NahodhaMstaafu amejibu:

Ipo, ila sio kama unavyofikiria. Gavana Arthur Gordon alipofika 1875 alizuia uuzaji wa ardhi, akatawala kupitia machifu, baraza lao kuu likaanza 1876, na ili Wafiji wabaki vijijini chini ya wakubwa wao, vibarua wa miwa wakaletwa kutoka India kuanzia 1879. Siasa zote za Fiji mpaka leo zinatokea hapo. Sehemu kubwa mno ya ardhi bado ni ya koo za Kifiji, haiuzwi, inakodishwa kupitia bodi ya ardhi. Kodi ikilipwa, bodi inakata yake, kisha kwenye iliyobaki machifu wa ngazi tatu walikuwa wanapata asilimia 5, 10 na 15, watu wa kawaida wa ukoo wote wanagawana 70. Serikali ya Bainimarama, yule mkuu wa jeshi aliyepindua 2006, ikafuta hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2010, kila mtu wa ukoo sawa kwa sawa. Mimi ingawa sikuwa shabiki wa ile serikali, hapo walifanya jambo la haki.

Uzito wa kweli ulikuwa kwenye baraza. Chini ya katiba ya 1997 baraza la machifu ndo lilikuwa linamteua Rais na lilikuwa na viti 14 kwenye seneti ya watu 32. Bainimarama akalisimamisha 2007, akawaambia machifu waende wakanywe pombe yao ya kienyeji chini ya mwembe, 2012 akalifuta kabisa. Rabuka alipoingia tena madarakani kama waziri mkuu mwisho wa 2022 akalirudisha, na kikao cha kurudi kilifanyika Mei 2023, wapi? Bau palepale, mwenyeji Ratu Epenisa. Rais leo anachaguliwa na bunge, lakini aliyechaguliwa 2024 ni Ratu Naiqama Lalabalavu, ambaye ndo Tui Cakau. Kwa hiyo mlango ulifungwa wakaingilia dirishani, wewe utajua mwenyewe uite nini.

---

MzeeWaRamani amejibu:

Nimeelewa sasa, asanteni sana. Ila nahodha hujajibu kipande kimoja, hiyo miaka yote kiti kiko wazi nani alikuwa anaamua mambo ya msiba na nini?

---

NahodhaMstaafu amejibu:

Wazee wa ukoo, kila kundi na kazi yake ileile. Wavuvi wanaleta samaki au kasa, wasemaji wanasema, wapiganaji wanalinda mwili. Akifa chifu mkubwa maji yake ya kuvulia yanafungwa, hakuna kuvua mpaka usiku wa 100, halafu yanafunguliwa kwa karamu, na samaki siku hiyo wanakuwa wengi ajabu maana wamepumzika miezi 3. Hayo hayahitaji mtu kwenye kiti. Kinachohitaji mtu ni pale Kubuna inapotakiwa kusema neno moja mbele ya Rewa na Cakaudrove (kwa Tui Cakau), na hapo ndo miaka yote ile walikuwa wanakwama, maana kila tawi linakuja na msemaji wake.

---

binti_wa_Mkunguni amejibu:

Na usisahau kati ya waliotajwatajwa kukifaa kile kiti cha Bau kulikuwa na binti wa marehemu mwenyewe, Adi Samanunu. Ingekuwa Rewa sijui kama ingefika hata miaka 5.